Katindo: Tiyo ya hewa si kosa, kosa ni kutupa filtri

Kuna kazi ambayo kijana mwenye gari hahitaji kuagiza vifaa vyake Ulaya wala Dubai. Anaingia katika garaji ya kando ya njia, mtaa wa Katindo hapa Goma, anaomba boksi jeusi la filtri ya hewa liondolewe na pahali pake pawekwe tiyo pana. Tiyo yenyewe ni ile ya plastiki ya mafundi wa maji, au bomba la chuma lililochomelewa, na vibano viwili vya kukazia. Kabla ya jioni gari inanguruma, na mwenyewe anaondoka akiwa na furaha.

Mji uliojitengenezea chukudu za mbao, tena ukaisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara, hauwezi kumcheka mtu anayejiundia kifaa. Shida haiko kwenye tiyo. Shida ni kile kinachotupwa siku tiyo inapoingia.

Moteri inapumua. Gari ndogo yenye moteri ya lita 1.5, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inavuta karibu lita 2,000 za hewa kila dakika. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya moto, inabeba oksijeni nyingi zaidi, na esansi inaungua vizuri. Hapo wapenda tiyo wana haki. Tena Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na presha ya hewa iko chini kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Gari iliyoshushwa melini Mombasa ikiwa na nguvu zake zote inafika huku imepungukiwa. Kijana anayesema gari yake imechoka haongopi.

Lakini tazama pale tiyo nyingi zinapoishia: chini ya kapo, nyuma ya radiata, jirani na bomba la moshi. Hapo hewa inaweza kufika nyuzi 60, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ile ya nyuzi 25 iliyo nje. Maana yake mtu ametoa franga zake ili apunguziwe nguvu, akapewa kelele kama zawadi. Boksi lililotupwa lilikuwa na pua inayovuta hewa ya nje, mbele, mbali na moto wa moteri. Sikio ndilo lililodanganywa.

Na hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni vumbi. Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika Buhene. Mawe hayo ndiyo njia za mitaa mingi, yanasagwa na magurudumu mchana kutwa, na jua likiwaka kila kitu kinageuka kijivu. Filtri ikiondolewa, au ikibadilishwa na kipande cha sifongo kilichofungwa kwa waya, vumbi hilo linaingia kati ya pistoni na ukuta wa silinda, linafanya kazi ya msasa. Wiki ya kwanza hakuna anayeona kitu. Kisha gari inaanza kula oili, inatoa moshi wa buluu, asubuhi inakataa kuwaka. Fundi anasema moteri ilikuwa ya zamani.

Kuna watakaosema ni mchezo wa wenye franga, wapenzi wa mwendo, waachwe. Hapana, maana gari ya starehe ya leo ndiyo teksi ya kesho. Kijana akiichoka anaiuza, na mnunuzi anaweza kuwa baba aliyekimbia Masisi au Rutshuru, aliyekusanya akiba ya ukoo mzima ili apate kitu cha kulisha nyumba. Kambi za pembezoni mwa Goma zilivunjwa Februari 2025, na familia zilizobaki mjini zinategemea kazi ya kila siku. Benki zilifunga milango mwisho wa Januari mwaka huo. Mtu wa namna hiyo moteri ikimfia mkononi, atakopa wapi? Analipia ngurumo ambayo hakuifurahia hata siku moja.

Basi anayenunua gari au moto afungue na kupitisha kitambaa cheupe ndani ya tiyo, upande wa baada ya filtri. Kikitoka na vumbi, aondoke. Motari pia, maana boksi la filtri la pikipiki nalo hutolewa kwa tamaa ileile ya sauti.

Anayetaka kweli hewa ya baridi, mfano upo barabarani. Zile Land Cruiser za mashirika ya kibinadamu, ambazo familia za kambini zimeziona mara nyingi, zina tiyo nyeusi inayopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Inachukua hewa juu, ambako vumbi ni kidogo na maji ya mvua hayafiki, kisha inaipeleka kwenye filtri, ambayo bado ipo. Hata magari ya mbio ya Safari Rally, mbio zilizorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, Kenya, yameonekana na tiyo za kupanda juu. Kama watu wenye bajeti ile wanaliogopa vumbi, Katindo inajivunia nini?

Kazi nzuri inawezekana hapahapa. Mdomo wa tiyo utoke nje ya joto la moteri, lakini usishushwe chini ya bampa. Mvua ya Goma ikijaza njia, moteri itakunywa maji na kupinda vyuma vyake vya ndani siku hiyohiyo. Bati litenge tiyo na bomba la moshi, kwa sababu plastiki ya maji huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi. Viungio vikazwe visivute hewa ya pembeni. Kwenye gari za sindano, kile kipima hewa kiwekwe katika upana uleule wa zamani, la sivyo kitahesabu vibaya na esansi itapotea. Filtri iwe ya karatasi, ya kutosha ukubwa, na ibadilishwe mara nyingi kuliko kitabu cha Wajapani kinavyosema, kwa kuwa hakikuandikwa kwa njia za lava.

Mafundi hujitetea kwamba mteja ndiye aliyeomba. Mteja aliomba nguvu, hakuomba msasa. Fundi anayejua tofauti na akanyamaza amemwibia. Na boksi lile la zamani ni mali ya mwenye gari, hata asipoliuliza. Lisiuzwe kwa wauza vipuri. Arudishiwe, pamoja na skrubu zake.