Aliyeuawa ni Nani?

Mwezi wa Januari mwaka 2007, ndege ya Marekani yenye mizinga, aina ya AC-130, ilishambulia kusini mwa Somalia, karibu na mpaka wa Kenya. Miongoni mwa waliowindwa siku ile alikuwamo Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro, aliyetafutwa kwa mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 yaliyoua watu 224 katika Nairobi na Dar es Salaam. Hazikupita siku nyingi, ofisa mmoja wa serikali ya Somalia akatangaza kwamba Fazul amekufa. Habari ikaenea dunia nzima. Mara Wamarekani wenyewe wakakana. Fazul alikuwa hai, naye akaendelea na shughuli zake kwa zaidi ya miaka minne.

Alikufa Juni 2011, wala si kwa kombora. Gari lake lilipotea njia usiku mjini Mogadishu, likafika penye kizuizi cha askari wa serikali ya Somalia. Yakatokea mapambano, akauawa pamoja na mwenzake. Askari wale hawakujua wamemwua nani. Walichokiona ni pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina lisilo lake, simu, na fedha nyingi taslimu za kigeni. Lakini maiti ilikuwapo, hati zilikuwapo, vipimo vya vinasaba vikafanywa. Safari hii aliposemwa amekufa, alikuwa amekufa kweli.

Wapiganaji wenzangu, nanyi ndugu wa polisi, naanza na kisa hiki kwa sababu kazi yangu ni kuandika taarifa zinazotoka jeshini kwenda kwa wananchi. Swali linaloulizwa kwanza na waandishi wa habari kila panapotokea shambulio ni hilo hilo: aliyeuawa ni nani? Mimi nashikilia kwamba jeshi halina ruhusa ya kulijibu kwa kudhani, hata pale ambapo jibu la kudhani lingetuletea shangwe.

Tangu miaka ile kazi ya kuwasaka viongozi wa magaidi imezidi kukabidhiwa ndege zisizo na rubani. Sitazibeza. Ndege hiyo hukaa angani kwa saa nyingi bila kuchoka, na mwendeshaji wake, aliye mbali mno na vita, hawezi kutekwa wala kuvamiwa. Hata hivyo, yafaa tuelewe inachokiona. Huona gari, huona umbo la mtu, huona joto la mwili gizani, na hufuatilia simu. Jina la mtu haiioni. Simu huazimwa, huibiwa, huachwa makusudi katika gari la mtu mwingine. Baada ya kombora kulipuka, mara nyingi eneo huwa mikononi mwa adui mwenyewe, na wafu huzikwa upesi kama sheria ya dini yao inavyotaka. Ni nani basi atakayekwenda kufunua sanda?

Hakimullah Mehsud, mkuu wa Taliban wa Pakistan, alisemekana kuuawa kwa makombora ya ndege hizo Januari 2010. Mwezi wa Mei akatokea katika picha za video, akizungumza na kutisha. Kifo chake cha kweli kilikuja tarehe 1 Novemba 2013. Fikirini faida aliyoipata katika miezi ile: wafuasi wake walimwona kama mtu aliyefufuka, na waliotangaza kifo chake wakaonekana waongo. Propaganda ya namna hiyo adui hawezi kuinunua kwa fedha, nasi tunampelekea bure.

Hilo ni kosa la kumwua kwa maneno aliye hai. Lipo lililo baya zaidi, nalo ni kumwita gaidi mtu asiye gaidi baada ya kumwua. Tarehe 29 Agosti 2021, siku tatu baada ya shambulio la uwanja wa ndege wa Kabul lililoua askari 13 wa Marekani na Waafghani wengi, ndege isiyo na rubani iliifuata Toyota Corolla nyeupe kwa saa kama nane mjini humo. Waliokuwa wakitazama waliona mizigo ikipakiwa, wakaamini ni mabomu. Kombora likapigwa. Mkuu wa majeshi ya Marekani, Jenerali Mark Milley, akasema lilikuwa pigo la haki. Waandishi wa habari wakaenda nyumbani kwa marehemu, wakazungumza na jirani na wafanyakazi wenzake, wakakuta kwamba alikuwa mtumishi wa shirika la misaada la Kimarekani, na kwamba mizigo ile ilikuwa madumu ya maji. Tarehe 17 Septemba Jenerali Kenneth McKenzie akakiri kwamba waliouawa walikuwa raia 10, na 7 kati yao watoto.

Saa nane za kutazama! Mtu mmoja wa kubisha hodi katika ile nyumba angalitambua yote kwa dakika chache.

Jirani zetu wa Somalia nao wameonja hayo. Tarehe 1 Aprili 2018, karibu na El Buur, kamandi ya Marekani ya Afrika ilisema imewaua magaidi watano na kwamba hakuna raia aliyedhurika. Ilichukua mwaka mzima kukiri kwamba raia wawili, mama na mtoto, waliuawa. Jamaa wa marehemu walikwisha kujua tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaoniambia kwamba namwonea adui huruma. La hasha. Jeshi letu liliingia Mogadishu Machi 2007, na tarehe 11 Julai 2010 Al-Shabaab wakaua watu zaidi ya 70 mjini Kampala, watu waliokuwa wakitazama mpira. Kiongozi wao wakati ule, Ahmed Abdi Godane, alipopigwa kutoka angani tarehe 1 Septemba 2014, sikumlilia. Ila tazameni namna habari ile ilivyotolewa. Marekani ilisema imeshambulia, ikamtaja iliyemlenga, wala haikusema amekufa. Ilingoja hadi tarehe 5 ndipo ikathibitisha, na kesho yake Al-Shabaab wenyewe wakakubali na kumtaja mrithi. Hapakuwa na mtu wa kubisha.

Katika shule ya makadeti mkufunzi wetu alizoea kuturudishia ripoti za doria kwa swali moja: umeona, au umeambiwa? Tulinung'unika sana. Leo naliuliza mimi kwa simu, tena nikimwuliza ofisa aliyenizidi cheo, jambo ambalo si jepesi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu mnaofika mahali penyewe kwa miguu. Hesabuni maiti kabla hazijaondolewa. Pigeni picha za nyuso, hifadhini kila karatasi na kila simu, waulizeni wazee wa mahali hapo majina ya waliokufa, na andikeni wanayowaambia hata kama hayapendezi. Msipomtambua mtu, andikeni kwamba hakutambuliwa. Nami nitaitoa taarifa hivyo hivyo, waandishi wa habari wapige simu hadi usiku wa manane.