Vita Mseto: Madai Manne Yasiyosimama

Tangu Urusi ilipoitwaa Crimea mwaka 2014, vita mseto, yaani vita vinavyochanganya silaha, wapiganaji wa kificho, propaganda na udukuzi, vimekuwa gumzo, na madai ya kupotosha yamezagaa. Haya manne yanadai majibu.

"Ni mbinu mpya ya Warusi." Si kweli. Mwaka 2007, Mmarekani Frank Hoffman alikwisha kuvichambua vita mseto kwa kulitazama kundi la Hezbollah, lililopigana na Israel mwaka 2006. Wapiganaji wake walivizia na kutoweka kama waasi, ilhali walikuwa na makombora ya kupiga meli ya kivita baharini. Hata ile "doktrini ya Gerasimov" iliyotokana na makala ya jenerali huyo wa Urusi ya mwaka 2013 haikuwa doktrini: Mark Galeotti, Mwingereza aliyeipa jina hilo, aliomba radhi hadharani mwaka 2018.

"Havimwagi damu." Anayesema hivi anaitazama Crimea peke yake, ambako askari wasio na alama yoyote waliliteka bunge la Simferopol bila mapigano makubwa. Mashariki mwa Ukraine mwaka huohuo, mchanganyiko uleule wa wapiganaji wa kificho, propaganda na kukana uliwasha moto uliokuwa umeua zaidi ya watu 14,000 kufikia mwisho wa mwaka 2021, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Abiria na wahudumu 298 wa ndege ya Malaysia, MH17, walitunguliwa juu ya eneo hilo wakiwa safarini tu.

"Kompyuta zimestaafisha vifaru." Alfajiri ya Februari 24, 2022, wadukuzi waliuvuruga mtandao wa setilaiti wa Viasat uliotumiwa na Ukraine, hata mitambo ya upepo nchini Ujerumani ilipoteza mawasiliano. Asubuhi hiyohiyo vifaru vya Urusi vikavuka mpaka. Udukuzi ulikuja kuvisaidia vifaru, haukuja kushika nafasi yake.

"Hayatuhusu Waafrika." Oktoba 2019, Facebook iliondoa akaunti bandia zilizohusishwa na Yevgeny Prigozhin, aliyekuwa mfadhili wa kundi la mamluki wa Urusi, Wagner, zikilenga nchi 8 za Afrika, zikiwemo Kongo na Msumbiji. Hao ni Waafrika wenzetu.

Vita mseto ni vita kamili, na raia ndiye anayelengwa kwanza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujasambaza habari inayochochea chuki, uliza imetoka wapi na inamfaidi nani.