Umeme Kukatika Si Ruhusa ya Kufungua Prizi

Pita Katuba, Kenya au Ruashi, hapa Lubumbashi, saa za delestaji, utasikia ushauri uleule: "Umeme umeenda, fungua sasa hiyo prizi!" Kijana anachukua bisibisi, baba mtu anammulika kwa simu, na nyumba nzima inaamini kwamba giza ni usalama. Imani hii ni ya hatari.

SNEL, shirika letu la umeme, ikikata umeme, imekata kwake, haijakata kwako. Umeme wa bwawa la Inga husafiri kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi kabla ya kutufikia, na anayeurudisha hajui kwamba vidole vyako vimo ukutani. Volti 220 hazipigi hodi. Na hata SNEL isipourudisha, jirani aliyeunganisha jenereta yake ovyo anaweza kukuletea umeme kwa waya huohuo.

Nami nasema zaidi: giza ndilo wakati mbaya kuliko wote. Umeme ukiwapo, unaijaribu testa kwenye prizi nzima. Ikiwaka, unajua testa inafanya kazi. Unashusha dijonkteri, kisha unapima ile prizi mbovu. Ukishaifungua, pima tena ncha za waya zenyewe, maana prizi iliyoungua ndani huweza kunyamaza huku waya una umeme. Gizani testa haiwaki popote. Utajuaje kama dijonkteri uliyoshusha ndiyo inayolisha prizi hiyo? Utajuaje kama hakuna waya mwingine uliovutwa kwa jirani?

Ukiitoa prizi ndipo unamwona mkosaji: skrubu imelegea, plastiki imegeuka kahawia, shaba imekuwa nyeusi. Resho ya wati 2,000 hula ampea 9 hivi, na prizi ya ampea 16 ingeubeba mzigo huo bila taabu. Lakini pale waya ulipolegea panapata moto hadi plastiki inayeyuka. Kata kipande kilichoungua, menya waya kiasi cha kuingia wote ndani bila shaba kubaki nje, kaza, kisha vuta kila waya uone kama umeshika. Wa kijani na njano ni wa ardhi, usiuache ukining'inia. Ukikuta ganda la waya linapukutika hadi ndani ya ukuta, acha hapo, ita fundi.

Watasema: "Mtaa wetu unakaa gizani siku nzima, tungoje mpaka lini?" Ngojeni mpaka umeme urudi. Prizi inayonuka kuungua haitibiwi kwa haraka. Hutibiwa kwanza kwa kutoitumia, na resho ihamie kwingine. Tena kazi ikiisha utahitaji umeme huohuo ili kujua kama umeifanya vizuri.

Kwa hiyo, wazazi, msimkabidhi kijana bisibisi eti kwa kuwa taa zimezimika. Umeme urudi kwanza, kisha aukate yeye mwenyewe.