Nyumba Mpya au Kuukuu?

Mtumishi wa umma hupokea kiinua mgongo mara moja tu. Akikosea kununua nyumba, amepoteza jasho la utumishi wake wote. Je, anunue mpya au kuukuu?

Upya peke yake si dhamana. Tarehe 29 Machi, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Nyumba kuukuu, kwa upande wake, imekwisha kutahiniwa. Iliyozivuka mvua za El Nino za 1997 na 1998 pasipo msingi kupasuka inastahili heshima.

Hata hivyo, nyumba kuukuu nayo huzeeka pamoja na hati yake. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1999 itakwisha mwaka 2032. Asiyeuliza habari hiyo hununua masalio kwa bei ya kitu kizima.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, kabla ya kutoa hata senti moja, fanya upekuzi wa hati kwa Msajili. Kisha mwite fundi unayemlipa wewe mwenyewe, mwende wakati wa masika. Mvua haihongeki, wala haidanganywi na rangi.