Togwa ya mtoto isikae kwenye chupa ya chai

Jumamosi mama anapika togwa ya wiki nzima. Uji wa mahindi umeiva, umepoa hadi kuwa vuguvugu, kimea cha ulezi kimekorogwa ndani, na baada ya saa chache uji mzito umekuwa mwepesi na mtamu bila hata kijiko cha sukari. Anajaza chupa ya chai na kumwambia dada wa kazi: "Mpe mtoto akiamka." Inayobaki anaitia kwenye dumu, anakaza kifuniko na kulisukuma chini ya meza.

Nia ni njema. Lakini togwa ikiwa bado tamu ndipo inapoharibika kirahisi. Uji ulichemka, kimea hakikuchemka. Kimeingia na vijidudu vya shambani na vya mkekani kilipoanikwa. Humo vinakuta sukari na joto, na chupa ya chai inavitunzia joto hilo hadi mchana.

Bibi zetu wa Songea na Iringa waliiacha ichachuke hadi kesho yake, na hawakukosea. Uchachu ule ni asidi, na vijidudu vingi vya kuharisha haviipendi. Ila ikizidi kukaa kwenye joto kama la Dar es Salaam, hamira ya asili inageuza sukari kuwa kilevi. Ndiyo njia ileile anayopita mpika komoni. Dumu likivimba, povu likitoka na harufu ikabadilika, hiyo si ya mtoto tena, hata kama ameionja akacheka.

Mzazi anayetaka kuitunza ikiwa tamu airudishe jikoni ichemke kama dakika kumi, huku akikoroga isishike chini. Moto unaua hamira na kuzima nguvu ya kimea, hivyo utamu unabaki ulipo. Kisha sufuria iwekwe kwenye beseni la maji baridi, maji yabadilishwe yakipata joto, na togwa igawanywe kwenye vikopo vidogo safi, kila kimoja mlo mmoja. Kwenye friji itumike ndani ya siku mbili au tatu. Ikigandishwa hukaa wiki kadhaa, ila kikopo kisijazwe hadi juu, maana hutanuka. Umeme ukikatika usiku kucha na ikakutwa ina uvuguvugu, imwagwe. Inauma, lakini imwagwe.

Jambo moja lisijaribiwe kabisa: kuimimina ya moto kwenye chupa, kuifunga kabisa na kuiweka kabatini kama bidhaa ya dukani. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Huamka mahali pasipo hewa na kutoa sumu inayopoozesha misuli, hata ya kupumulia. Mara nyingi hakuna harufu wala ladha ya kumwonya mtu. Viwanda huziua kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 hivi. Sufuria ya nyumbani inaishia 100.

Na asiye na friji? Huyo atunze kimea, si togwa. Unga wa kimea uliokauka vizuri hukaa wiki nyingi kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kila asubuhi apike uji kidogo, autie kimea kidogo, auchemshe tena, mtoto anywe siku hiyohiyo.