Ng'ombe wa Mahari

Mwezi huu tuache kidogo habari za uwele.

Katika kijiji kimoja kijana alinisimamisha njiani. Hakuuliza habari za mbegu. Alisema, "Bwana Shamba, mzee amenikataa."

Anampenda binti wa miaka 20. Binti naye anampenda. Lakini baba wa binti ana zizi kubwa. Kijana ana mbuzi watatu tu. Ng'ombe wa kwao walikufa kwa ukame.

Kwetu Ugogo mahari ni ng'ombe. Ng'ombe hao huunganisha koo mbili, nami sisemi waachwe. Ila mzee amesahau Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Njaa ile iliacha mazizi mengi matupu. Hata wenye mali waliomba chakula.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni hiari ya hao wawili. Msichana aliyetimiza miaka 18 haombi ruhusa ya baba. Mahari isipolipwa, ndoa bado ni halali. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla ya kufunga ndoa.

Kijana alifurahi sana. Jioni nilimkuta binti kisimani, nikamweleza pia. Yeye hakufurahi.

"Bwana Shamba," alisema, "nikiolewa bila baba, siku nikiugua nitarudi kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa mjomba wake. Amekubali kuzungumza na mzee baada ya mavuno. Kijana atatangulia na wale mbuzi watatu.