Taarab ya Kihindi: Wanaoipenda Mbona Waificha?

Wapo watu hapa Mombasa ambao ukiwauliza waimbaji wawapendao watakutajia Umm Kulthum, kisha Siti binti Saad, kisha Zein l'Abdin na udi wake. Juma Bhalo hawamtaji. Lakini kanda zake wanazo nyumbani, na nyimbo zake wazijua kwa moyo, ubeti kwa ubeti. Si wachache, na wengine ni watu wa elimu na heshima zao. (Suala la muziki na dini twawaachia masheikh, hapa twasema na wale ambao tayari wasikiliza.)

Lawama yao ni moja. Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia maneno ya Kiswahili. Huko, wasema, ni kuiga. Taarab ya asili ni ile ya udi, kanuni na fidla.

Basi na tuiangalie hiyo asili. Huko Unguja yasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim aende Misri kujifunza kanuni. Siti binti Saad alipotiwa sauti kwenye santuri mwaka 1928, ilimbidi asafiri mpaka Bombay. Na Mohamed Abdel Wahab wa Cairo, ambaye hutajwa kama kigezo, aliingiza vipande vya muziki wa Kizungu katika nyimbo zake. Mbona basi lililochukuliwa Cairo ni adabu, na lililochukuliwa Bombay ni aibu?

Sababu twaijua ila hatuisemi. Kiarabu ni lugha ya Kurani, na chochote chenye harufu ya Uarabu hupewa heshima, hata kikiwa ni wimbo wa mapenzi uliotoka kwenye sinema ya Cairo. Kihindi tulikisikia dukani na kwenye filamu, mahali pa kila mtu. Hiyo ni hesabu ya daraja za watu, muziki haumo.

Hatudai kwamba kila kanda ni johari. Ziko nyimbo ambazo maneno yalibanwa yaenee kwenye mahadhi, silabi ikavutwa hata neno likapoteza sura yake. Na kazi ya marehemu Zein katika mahadhi ya Lamu ni kubwa, haina mfano. Lakini Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir, yule yule ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin ikachapishwa mwaka 1971. Shairi lake likiwa kitabuni huitwa fasihi. Likiimbwa kwa mahadhi ya Kihindi huwa ni mambo ya harusini. Mtunzi ni mmoja, na Kimvita ni kile kile!

Hapo ndipo penye hasara. Kitabu kimo maktabani, kanda yaota ukungu. Nyingi zilirekodiwa papo hapo harusini, watu wakitunza na kuitikia, kisha zikanakiliwa madukani. Anayeona haya kukiri kuwa anazo hatazipeleka zihifadhiwe. Siku warithi watakapoisafisha nyumba, kanda za Umm Kulthum zitawekwa kando kwa heshima, na zile nyingine zitatoka na taka. Za Umm Kulthum zina nakala kila pembe ya dunia. Ya harusi ya Kibokoni, huenda hiyo iliyo sandukuni mwako ndiyo pekee iliyobaki.